Shule ya farasi upande wa Karen: mtafuteni saisi, mkwepeni mwalimu

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike, zimekataa. Basi naandika hivyo hivyo. Shule hii ya kupanda farasi iko upande wa Karen, hapa Nairobi. Jina silitaji. Nyota nimeweka moja, na hiyo moja ni ya farasi jike anayeitwa Johari pamoja na saisi wake, yaani mzee anayemtunza. Ofisi haina haki nayo.

Mkitaka bei na saa za kufungua, pigeni simu, mtaambiwa. Mimi nataka kueleza jinsi farasi anavyojengwa mpaka akuamini, na jinsi nilivyoona imani hiyo ikibomolewa kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Nilianza kwenda pale mapema mwaka huu, kabla ya mvua za masika, nikiwa mtu mwenye hofu. Mnyama wa karibu nusu tani akigeuza kichwa tu, mimi nimesharudi nyuma. Ofisi ikanikabidhi kwa saisi, mzee aliyeanza kazi hii ujanani kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, ule uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wengi wanaofundishia watu hapa mjini walitoka kwenye mbio, na Johari ni mmoja wao.

Mwanzoni sikupanda kabisa. Mzee aliniambia, "Mama, kwanza akujue ukiwa chini." Nikafundishwa kumwendea kwa upande wa bega na kumsemesha kabla sijamgusa. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Ukimtokea kutoka huko, kwake umetoka hewani, na yeye ni mnyama ambaye mababu zake walisalimika kwa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Nikapiga brashi. Nikajifunza kuinua mguu na kukwangua kwato. Nikajifunza kukaza mkanda wa tumbo tundu moja, nimtembeze kidogo, kisha tundu lingine, badala ya kumbana kwa mkupuo mmoja mpaka anune.

Mzee pia alinionyesha pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno wakiwa malishoni. Kuna watafiti wa Ufaransa waliopima jambo hili na kulichapisha mwaka 1993: farasi akikunwa hapo, mapigo ya moyo yanashuka. Mzee hakusoma utafiti huo. Aliujua kwa kiganja. Nikimkuna Johari hapo, mdomo wa juu unarefuka, macho yanalegea, na mimi mwenyewe naanza kupumua vizuri.

Kisha ndipo nikapanda, kwanza nikizungushwa kwa kamba ndefu, bila hatamu mkononi, ili nijifunze kukaa kabla ya kujifunza kuvuta. Hili nalisifu sana. Farasi wa mbio amezoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo pale mpandaji anapokaza hatamu. Mtu mwenye hofu hukaza. Akikaza, farasi anaelewa anaambiwa akimbie, mtu anazidi kuogopa, anazidi kukaza, na hapo ndipo watu huanguka. Mzee alinivunja tabia hiyo mapema, polepole, bila kunipigia kelele hata mara moja. "Mguse kwa mguu, akipiga hatua achia hapo hapo," alikuwa akisema. "Kule kuachia ndiko kumwambia asante. Ukichelewa, hajui umemshukuru kwa lipi."

Nikawa naenda kila wiki, siku ileile, farasi yuleyule. Tukatoka kutembea tukafika mchakamchaka, tukapiga miduara mikubwa na midogo, kusimama na kuanza, kurudi nyuma hatua moja moja. Mambo madogo, yanarudiwa mpaka yanakuwa mazungumzo. Ikafika wakati nikiita langoni, Johari anatoa kichwa nje ya banda. Nikileta hatamu za kumvisha, anainamisha kichwa mwenyewe. Mtu asiyejua farasi ataona hilo ni dogo. Kwa farasi, kichwa kiko juu ili aone hatari. Akikishusha mikononi mwako amekukabidhi ulinzi wake. Siku hiyo kama ningeulizwa, ningewapa nyota zote tano na kuwaongezea.

Sasa njooni Jumamosi ile.

Mvua zilikuwa zimeanza. Mzee hakuwepo, alikuwa amekwenda kijijini kwenye msiba. Kazi ilishikwa na mwalimu mpya, kijana mwenye buti zinazong'aa na mjeledi usiomtoka mkononi. Kwenye kona ya mbali ya uwanja mtu alikuwa amefunika marobota ya nyasi kavu kwa turubai la buluu, na upepo ulikuwa ukilipigapiga. Johari akaliona, akasimama. Kichwa juu, masikio mbele, pua zimetanuka. Nilihisi moyo wake ukigonga chini ya mguu wangu.

Nilijua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimefundishwa. Nikamwacha asimame. Nikalegeza hatamu. Nikampapasa bega, nikapumua kwa sauti ili anisikie. Baada ya muda akashusha kichwa kidogo akapiga hatua moja kuelekea lile turubai. Hatua moja! Mkufunzi yeyote mwenye akili angesema achia, msifu, geuka, rudi tena. Huyu akapiga ukelele kutoka katikati ya uwanja, "Mchape, madam! Anakujaribu! Ukimwachia leo, kesho hatakuheshimu!"

Nikamwambia, "Nipe dakika mbili, ameanza kusogea."

Hakunipa. Alikuja kwa hatua ndefu, akashika hatamu chini ya kidevu na kuzivuta kwa mshtuko, kisha tena, kisha tena. Naomba mwelewe lijamu linakaa wapi. Kwenye taya la farasi kuna sehemu isiyo na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Chuma kinalala hapo, juu ya ufizi mtupu na juu ya ulimi. Huko ndiko alikokuwa anavuta kwa mkono wa mtu mzima mwenye hasira. Johari akainuka kwa miguu ya nyuma. Nikang'ang'ania manyoya ya shingo, sikuanguka. Akashuka, akasimama, anatetemeka. Na hapo, farasi akiwa tayari ametulia, ndipo yule bwana akamtandika mjeledi begani.

Ni hilo pigo linaloninyima usingizi. Farasi haunganishi adhabu na kosa la dakika iliyopita. Anaiunganisha na kilichopo sekunde ileile. Kilichokuwepo ni kusimama kwa utulivu, turubai mbele yake, na mimi mgongoni. Kwa hiyo alichofundishwa siku hiyo ni kwamba turubai kweli linauma, kutulia kunaleta kipigo, na mimi, niliyemwambia hakuna hatari, nilimdanganya.

Nilishuka. Nikamwambia, "Kijana, usimguse tena huyu farasi mbele yangu." Akanijibu, "Huyu si mtoto wako, madam. Mnawabembeleza sana hawa."

Nikaenda ofisini na vumbi langu. Nilidhani nitasikilizwa. Meneja hakuinua macho kwenye simu yake. Akaniambia farasi ni farasi, wiki ijayo nitapewa mwingine, na pesa niliyotuma kwa M-Pesa ya mwezi mzima hairudi, imeandikwa kwenye masharti. Nikamwambia sijaja kudai pesa, nimekuja kusema kuna mtu anapiga mnyama uwanjani. Akasema kama naogopa farasi, nijaribu punda. Akacheka na msichana wa mapokezi akacheka naye. Kwa jibu hilo ningekuwa na namna ya kuweka sifuri, ningeweka sifuri.

Halafu baadaye nikaja kujua kwamba Jumapili yake, siku moja tu baada ya kipigo, Johari alipelekwa kwenye sherehe ya kuzaliwa kubeba watoto. Watoto wa watu! Farasi aliyetoka kuinuka kwa miguu miwili jana yake, mdomo una maumivu, akaambiwa abebe watoto huku mabaluni yanapasuka. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Lakini mzazi unayesoma hapa, elewa kwamba hakuna aliyekuambia, na hakuna aliyekusudia kukuambia.

Niliporudi, Johari alikuwa nyuma kabisa ya banda, ameelekeza makalio mlangoni. Nikaita. Sikio moja likageuka, kichwa hakikugeuka. Nilipoleta hatamu alikiinua kichwa juu kuliko mkono wangu unavyoweza kufika. Kazi yote ile ya mwanzoni, kwisha. Kuna watu walioniambia farasi husahau. Hawasahau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha jaribio mwaka 2018: farasi walionyeshwa picha ya mtu amekasirika au anatabasamu, kisha saa chache baadaye wakakutana na mtu huyohuyo ana kwa ana akiwa na uso wa kawaida. Walimpokea kulingana na ile picha. Kama picha tu inabaki kichwani, mjeledi utabaki muda gani?

Wengine wananiambia kijana naye alifundishwa hivyo, nimhurumie. Sitaki kusikia. Aliyefundishwa vibaya anaweza kufundishwa upya, lakini shule ndiyo inayopaswa kumfundisha, tena kabla ya kumpa wanafunzi.

Hapa ndipo hasira yangu inapokutana na jambo lingine, na sijui nifanyeje na hizi nyota. Mzee alirudi kutoka msibani. Hakuniuliza mengi, alimtazama Johari tu akajua. Akachukua ndoo, akaigeuza, akaketi mlangoni mwa banda akiwa amempa mgongo. Hakumgusa, hakumwita. Mimi nikaambiwa nisimame kando nisidai chochote. Tulikaa hivyo mpaka ulipofika muda wa kuwaingiza farasi wote ndani kabla ya jua kuzama, maana usiku wa hapa una visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi, ule unaoweza kumuua mnyama mzima kwa siku chache tu, na mzee halegezi utaratibu huo hata kama dunia inaungua. Kabla ya kufunga mlango Johari alikuwa amesogea, pua yake iko kwenye kofia ya mzee.

Tangu hapo tumeanza upya. Brashi, kwato, kumkuna pale shingoni. Hatamu analetewa, ananusa, zinaondolewa. Wiki iliyofuata anavishwa, anavuliwa, anapewa karoti, basi, hapandwi. Ameanza tena kushusha kichwa, si mpaka chini kama zamani, lakini kinashuka. Nimepanda tena, kutembea tu. Turubai bado liko pale, na tunalipita kwa mbali, kila siku karibu kidogo kuliko jana. Na mimi pia nimeona kwamba hofu niliyokuja nayo haikurudi, hata baada ya siku ile. Hiyo ni kazi ya mzee, si ya mwingine. Kwa hiyo naongeza nyota ya pili. Nilitaka kuongeza ya tatu, kisha nikakumbuka kwamba mzee huyo analipwa kama mfagia banda wakati mwenye mjeledi ndiye anaitwa mwalimu na jina lake liko ukutani. Nimeifuta.

Ukiamua kwenda, na sisemi usiende, kataa kubadilishiwa farasi kila wiki. Dai mmoja, umzoee akuzoee. Fika mapema uangalie wanavyofungwa mkanda wa tumbo na masikio ya farasi yanavyokaa mwalimu akipita mbele ya banda. Yakilala nyuma yote kwa pamoja, chukua pesa yako uende. Mpeleke mtoto siku ambayo mzee yupo, na ulize langoni, usiulize ofisini.

Nyota ni mbili kwa sasa. Nikisikia yule kijana amenyang'anywa mjeledi na mzee amepewa uwanja, nitazibadilisha jioni hiyohiyo.