Muuza vitabu aliyenitajia muuaji

Nianze na huyu kaka kwanza, kwa sababu nikianza na kitabu hasira itapoa, na sitaki ipoe.

Nimenunua kwake kama mwaka sasa, pengine zaidi. Anauza mitumba ya riwaya za Kiingereza. Anaweka picha za vitabu kwenye status ya WhatsApp, ukikipenda kimoja unamtumia hela, boda anakuletea mpaka mlangoni. Jina lake silitaji, wala namba. Wanaonunua kwake watamjua.

Mimi mteja wake wa kitu kimoja tu: riwaya za upelelezi zinazorudi enzi za zamani, zile tulivu. Mtu anauawa, ndiyo, lakini humwagiwi damu usoni kila ukurasa, na anayeutafuta ukweli hana bastola wala maabara. Ni mtawa, au mjane, au mtu wa makamo tu anayejua kutazama. Nilianza ugonjwa huu kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilikuwa kwenye kabati la baba, toleo kuukuu limefunikwa kwa gazeti, na yule bwana na kiko chake na rafiki yake Najum pembeni walinifundisha kwamba kufikiri nako ni tukio. Muhammed Said Abdulla alikuwa anaandika Zanzibar ya siku zake mwenyewe, kitabu kilitoka mwaka 1960, hakuwa na haja ya kurudi nyuma. Lakini mimi nilipokisoma, ile dunia ilikuwa imeshaondoka, na nikagundua napenda kukaa humo.

Basi safari hii niliagiza One Corpse Too Many cha Ellis Peters. Cha mwaka 1979, cha pili katika visa vya Brother Cadfael. Nilikuwa nimekisubiri muda mrefu mno, kila nikiuliza kaka anasema bado, bado. Alipokiweka nililipa ndani ya dakika mbili, elfu kumi pamoja na boda.

Mambo yenyewe ni Agosti 1138, mji wa Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales. Mfalme Stephen na binamu yake Maud wanagombea kiti cha Uingereza. Stephen anaiteka ngome, na kwa hasira anaamuru walinzi waliobaki wanyongwe, watu 94. Hilo halikutungwa, lipo katika kumbukumbu za zama zile. Watawa wanaomba ruhusa ya kuwazika, na anayetumwa ni Cadfael, Mwelshi aliyepigana vita vya msalaba, akawa baharia, kisha utu uzima ukamkuta ndani ya kanzu ya utawa anatunza bustani ya mitishamba.

Cadfael anahesabu maiti. Wapo 95.

Nataka mjue nilivyokuwa nimekaa nilipofika hapo. Sebuleni, usiku, mvua inapiga bati, watoto wamelala. Nilirudi nyuma kurasa mbili nikahesabu na mimi. Mtu kaua, kisha kaitupa maiti yake katikati ya maiti za mfalme, akiamini hakuna atakayejisumbua kuhesabu. Na yule wa tisini na tano hakufa kama wenzake. Amekabwa kutoka nyuma kwa kamba nyembamba, alama yake imekaa tofauti shingoni. Wengine wote wanasema, kwa nini uhangaike na mmoja wakati hapa wamelala wote hawa? Cadfael hakubali. Wale 94 wameuawa kwa amri, hilo lina wenyewe wa kulijibu. Huyu mmoja ameuawa kwa siri, na kama hakuna atakayemdai, basi amepotea mara mbili. Nilisoma hapo macho yamejaa machozi. Kitabu kinachoitwa cha kujiburudisha!

Na ndiyo maana siwaelewi wanaosema hizi riwaya ni nyepesi. Polisi wa London walifungua ofisi ya alama za vidole mwaka 1901. Cadfael yuko karibu karne nane kabla ya hapo. Hana kitu isipokuwa macho, pua, majani anayoyajua kwa jina na watu anaowajua kwa tabia. Kile kibanda chake cha dawa, mafungu ya mitishamba yananing'inia darini na chungu kinachemka taratibu, mimi ninakijua. Bibi yangu alikuwa na jiko la namna hiyo nyuma ya nyumba, ukipita tu koo linakukwaruza kwa mwarobaini.

Haya. Usiku wa tatu nikafika mwishoni. Uzi unakazika, naona kabisa kwamba kurasa chache zijazo mtu atavuliwa barakoa. Nafunua, nakuta kava.

Sentensi imekatika katikati. Nikadhani karatasi zimegandana. Nikapeleka kitabu kwenye taa: pale kwenye mgongo zimebaki nyuzi za gundi iliyokauka, rangi ya ugoro, na vijipande vya karatasi kama meno. Karatasi kama kumi hivi zimenyofoka zote. Mwanzoni kuna muhuri wa maktaba ya mji fulani huko Uingereza, mwishoni hakuna mwisho. Na bei ni ileile.

Asubuhi nikamwandikia kwa adabu zote. Kaka habari za leo, kitabu kimekatika mwishoni, naomba ama unitafutie kingine ama tuelewane kuhusu hela. Tiki zikawa za bluu. Kimya. Mchana kimya. Jioni niko jikoni namenya vitunguu, mikono imelowa, simu ikalia, nikaigusa kwa kiwiko. Sauti yake, sekunde chache tu:

"Dada, mtumba ni mtumba, tusisumbuane. Kama shida yako ni mwisho, muuaji ni fulani. Haya, umeshamaliza kitabu."

Fulani ni mimi nimeweka. Yeye alitaja jina. Akacheka, nyuma yake nasikia na mwingine anacheka.

Nilisimama na kisu mkononi. Hela ningesamehe, elfu kumi si ya kumgombanisha mtu. Hata karatasi ningesamehe, vitabu vinasafiri kwenye makontena, vinabanwa, vinalowa. Lakini siku tatu nilikuwa nimemshuku huyu, nikamwondoa, nikamshuku yule, nimeandika hadi kwenye kikaratasi. Mtu akaja akanipokonya kwa neno moja. Muuza vitabu! Yaani yeye kabisa ndiye wa kufanya hivyo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika: nyota moja, msinunue.

Lakini kwa uaminifu lazima niseme na haya. Baada ya wiki, labda na nusu, nilikichukua tena kile kitabu nikakisoma toka mwanzo nikiwa namjua muuaji. Nikamwona anavyoingia mara ya kwanza, anavyosema neno la kawaida kabisa, na neno lile ni uongo. Nikaona mwandishi amemweka mwangani muda wote, hajamficha hata mara moja. Ilikuwa raha ya aina nyingine, karibu nzito kuliko ya kwanza. Nikamkumbuka kaka bila kinyongo. Vitabu sita vya nyuma alivyoniuzia vilikuwa vizima, na hapa mjini sijui nani mwingine angenipatia Cadfael kwa bei hiyo. Nikafuta nyota moja nikaandika tatu.

Kisha nimekaa nikafikiri, na hapana. Raha ya kusoma mara ya pili ilikuwa yangu niifikie mwenyewe. Mara ya kwanza huja mara moja tu, na ile ameichukua, hata kama mwandishi alikuwa fundi kiasi cha kunifariji. Sifa hizo ni za Ellis Peters. Kaka hana fungu humo. Nyota mbili, na ya pili ni ya boda, kijana mwenye heshima aliyekifunga kitabu kwa nailoni mvua isikiguse.

Mwisho wenyewe bado sijausoma. Najua nani, sijui amekamatwaje, na nikiulizwa jina lake silitaji kwa yeyote.

Jana kaka kaweka cha tatu, kile ambacho dawa ya kuchua viungo vya wazee, aliyoichemsha Cadfael kwa mikono yake, inatiwa kwenye chakula cha mtu. Nakitaka mno. Nimemwandikia: kabla sijatuma hela, fungua karatasi ya mwisho, piga picha namba ya ukurasa peke yake, maneno yafunike kwa kiganja, na wewe usiyasome.

Tiki ni za bluu toka saa tatu asubuhi.