Pakiti ya ORS ya lita moja: dawa nzuri, kipimo ndicho kinachoiharibu

Ukiingia duka la dawa na kulalamika kuhara, aghalabu utauziwa kwanza vidonge vya kufunga tumbo. ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, hubaki rafuni, na kwa maoni yetu hakuna kitu chenye thamani zaidi kwenye rafu hiyo kwa bei yake.

Tunayoipima hapa ni ile ya fomyula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002. Pakiti ina gramu 20.5: glukosi (aina ya sukari) 13.5, sitreti ya sodiamu 2.9, chumvi ya kawaida (kloridi ya sodiamu) 2.6 na kloridi ya potasiamu 1.5.

Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Kila siku utumbo hupokea takriban lita 9 za majimaji: kama 2 tunazokula na kunywa, na nyingine zote ni mate, nyongo na maji ya tumbo, kongosho na utumbo wenyewe. Karibu zote hufyonzwa tena. Choo cha kawaida hakitoki na hata robo lita ya maji. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za utumbo mwembamba zimwage kloridi, na sodiamu na maji hufuata. Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi: ule unaopitisha sodiamu pamoja na glukosi. Zikiingia, maji nayo huingia. Ukimpa mgonjwa maji matupu, mlango huo haupati cha kupitisha. Soda na juisi ni balaa zaidi, kwani sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kurudi utumboni.

Kasoro kubwa iko kwenye vipimo. Kuna pakiti za mililita 200, za 500 na za lita moja, na kwa mbali zinafanana. Pakiti ya lita ikimiminwa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inakuwa maradufu, na kwa mtoto mchanga hiyo ni hatari. Chupa kubwa ya maji ya dukani nayo mara nyingi ni lita 1.5, kwa hiyo dawa inakuwa nyepesi mno. Soma pakiti, pima maji safi, mimina unga wote, koroga hadi uyeyuke. Usichemshe baada ya kuchanganya. Yakipita saa 24, mwaga.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole. Asiache kunyonya.

Wengi huilaumu kwamba "haifungi tumbo". Kweli haifungi, kazi yake ni kurudisha maji. Kinachofupisha kuhara ni zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na nusu ya hapo kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Chukua vyote viwili.

Mtoto akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa, au ngozi ya tumbo ikibanwa na kurudi taratibu sana, pakiti huenda isitoshe. Huenda akahitaji dripu, mpeleke hospitali mara moja.

Ladha? Ya chumvichumvi, na ile ya chungwa ina nafuu kidogo. Mtoto aliyekaukiwa huinywa kwa pupa. Akianza kuikataa huku anakojoa vizuri, mara nyingi maji yamesharudi.