Tasnifu ya uhandisi wa programu: jaribio au uchunguzi kifani?
Tuseme mwanafunzi wa uzamili Mwanza anataka kujua kama kuandika vipimo (programu ndogo za kukagua kama msimbo unafanya kazi ipasavyo) kabla ya msimbo wenyewe hupunguza hitilafu.

Akichagua jaribio, anawagawa waandishi wa programu kwa kura: kundi moja linaanza na vipimo, jingine linaviandika mwishoni. Kazi ni ileile, muda uleule. Hapo sababu huonekana wazi. Kinachoharibu ni uchache wa watu: wakiwa 12, mahiri mmoja anapotosha wastani wa kundi lake. Dawa yake, kila mshiriki apitie njia zote mbili kwa kazi mbili tofauti, nusu wakianza na hii, nusu na ile.

Uchunguzi kifani, yaani kuchunguza kwa kina mfano mmoja halisi, ndio tunaoupendelea zaidi. Anakaa miezi kadhaa na timu moja, labda inayotengeneza mfumo wa mauzo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Anasoma historia ya msimbo na ripoti za hitilafu, kisha anahoji watu, maana mahojiano peke yake hudanganya. Hauthibitishi sababu kama jaribio, lakini unaeleza kwa nini vipimo huachwa siku za kukabidhi kazi zikikaribia. Ruhusa ya maandishi ya timu ipatikane kabla ya pendekezo la utafiti kupitishwa. Timu ikighairi katikati, data yote inaweza kupotea.