Upepo wa tairi: ukaze au ulegeze kidogo?
Stika ya mlangoni mwa gari inasema PSI 32 (kipimo cha upepo), huyu anaweka 36, yule 29, na kila mtu anabisha. Ukikaza, usukani unakuwa mwepesi, kwenye kona gari inaitikia chap na mafuta inabania kidogo, ila kila kishimo unakisikia kiunoni na tairi inalika katikati. Ukilegeza gari inalainika, kwenye mchanga ndo mwake kabisa, lakini inalika pembeni, usukani unachelewa, na lami ndefu kwa spidi tairi inapata moto mpaka inaweza kupasuka, hapo sitanii. Unapiga Dar–Moro full mzigo? Ongeza, usivuke tu namba ya mwisho iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Mitaa ya mashimo, baki na stika. Upime asubuhi tairi zikiwa baridi, geji za gereji nyingine zinadanganya.