Zoom H1n mikononi mwa wanahabari wa darasa la tano

Klabu ya wanahabari ya shule ya msingi ikipata fedha za kununua kifaa kimoja tu, wengi hukimbilia kamera. Anzeni na kinasa sauti. Mtoto anayejifunza kuandika habari anahitaji kusikia tena alichoambiwa kabla hajashika kalamu, na kwa kazi hiyo Zoom H1n inafaa sana. Simu ingeweza kunasa pia, lakini shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja nazo, na ya mwalimu huita katikati ya mahojiano.

Uzuri wake mkubwa ni urahisi. Kuna kitufe kimoja kikubwa cha kunasa, gurudumu la kiwango cha sauti lenye namba hadi 10, na vitufe vidogo chini ya kioo. Mtoto wa darasa la tano anakielewa ndani ya kipindi kimoja. Kinatumia betri mbili ndogo za AAA, ambazo hudumu takriban saa 10, na memori kadi ya microSD isiyozidi GB 32. Mkitumia betri za kuchaji, badilisheni aina ya betri kwenye menyu, la sivyo alama ya chaji itawadanganya na kinasa kitazima mgeni rasmi akiwa bado anazungumza.

Udhaifu wake uko kwenye bodi. Ni plastiki nyepesi, na kila kidole kinachoteleza juu yake husikika kama mkwaruzo. Watoto hawatulizi mikono, kwa hiyo fungeni stendi fupi kwenye tundu la skrubu na mtoto ashike stendi badala ya kinasa. Uwanjani upepo huharibu kila kitu. Sponji ya kufunika vipaza sauti huuzwa kando, inunueni siku hiyo hiyo.

Mpangilio unaofaa ni huu: faili la MP3, yaani sauti iliyobanwa, la kbps 128, kwa sababu mahojiano ya dakika tatu huwa kama MB 3 tu na hutumwa kwa simu bila shida, wakati WAV ya kawaida, isiyobanwa, hufika MB 30. LO CUT, kichujio cha sauti nzito za chini, iwekwe 120 kupunguza muungurumo. AUTO LEVEL, inayorekebisha kiwango cha sauti yenyewe, izimwe. Darasani chini ya bati, msemaji akinyamaza tu, kinasa kinapandisha kelele za nje, kisha neno linalofuata linalipuka. Afadhali gurudumu liwe kati ya 5 na 6, kinasa kiwe shibiri moja kutoka mdomoni, na vipimo kwenye kioo vicheze karibu na desibeli -12.

Kosa linalojirudia zaidi ni mtoto kuelekeza kinasa kwake wakati wa kuuliza na kusahau kukigeuza wakati wa jibu. Wape kazi wawili wawili: mmoja aulize, mwingine ashike, avae spika za masikioni na kuangalia taa nyekundu. Kabla ya swali la kwanza, anayeuliza ataje tarehe na jina la anayehojiwa, naye alitamke mwenyewe herufi kwa herufi. Hapo hakuna tena Mwanaisha aliyeandikwa Mwanahawa.

Kinasa hakitengenezi maswali, hiyo ni kazi ya mwalimu mlezi. Mpishi wa shule akiulizwa "Unapenda kazi yako?" atajibu "Ndiyo" na habari imekwisha. Akiulizwa sufuria moja ya uji inakula kilo ngapi za unga, na siku unga ukichelewa anafanya nini, ataeleza. Baada ya hapo watoto wasikilize kwa kasi iliyopunguzwa, kinasa kinayo nafasi hiyo, na waandike sentensi mbili tu neno kwa neno. Zilinganisheni na walizonukuu daftarini. Tofauti wanazozikuta hapo zinafundisha unukuzi kuliko mhadhara wowote. Spika ya ndani ni dhaifu mno kwa darasa zima. Tumieni waya kwenda kwenye redio.

H1essential, kinasa kipya cha Zoom kilichotoka mwaka 2024, haina gurudumu kabisa kwa sababu hunasa kwa biti 32 (float), mfumo wenye nafasi pana mno kiasi kwamba sauti kubwa haipasuki. Kwa mahojiano yasiyoweza kurudiwa ni bora. Lakini mafaili yake ni ya WAV pekee, dakika tatu za stirio huzidi MB 60, na mtoto hajifunzi kupima sauti kwa macho na masikio yake. Kwa klabu inayoanza, tafuteni H1n, hata iliyotumika, mradi tundu la spika za masikioni halijalegea.