Mahaba moto, upelelezi vuguvugu

Nimeimaliza jana saa tisa usiku na bado imenikaa kichwani. Ni riwaya ya mpelelezi wa kike anayechunguza mauaji ya mfanyabiashara mmoja, afu anampenda mdogo wa marehemu ambae ndo mtuhumiwa namba moja. Sini za chumbani ni nyingi na hazina pazia, kwahiyo kama hupendi hayo mambo iache tu.

Mi kilichonishika ni sini ya kwanza. Wako jikoni kwa jamaa, umeme umekatika, dada anamfungua vifungo vya shati taratibu, mkono unapita mgongoni unakutana na mkwaruzo mbichi kabisa, na jamaa alishaandikisha polisi kuwa siku ile hakugombana na mtu. Hapo dada anaganda. Mkono unabaki palepale, hauendi mbele haurudi nyuma, na we msomaji unaona kabisa anataka kumbusu na anataka kumhoji na hajui aanze na kipi. Nimeurudia huo ukurasa mara tatu jamani, mapenzi na kesi vimekutana kwenye ncha ya kidole!

Shida inaanza katikati, mwandishi anasahau kuna maiti. Sura tano mfululizo ni kitanda, ugomvi, kitanda, hamna shahidi anaehojiwa, hata bosi haulizi kesi imefikia wapi. Na mpelelezi analala na mtuhumiwa wake, wakili wa utetezi akilijua hilo si anauchanachana ushahidi wote mahakamani? Hofu ya kugundulika ingewasha moto kuliko maneno matamu yote yale, imeniuma kwakweli maana nafasi ilikuwepo.

Afu kuna mtaalamu anaangalia glasi anasema alama za vidole ni za jana usiku. Alama inakwambia nani kashika, lini kashika ni kitu kingine, hamna kipimo cha kuaminika cha hilo, na kesi nzima imening'inizwa kwenye hiyo glasi.

Muuaji sasa. Padre Ronald Knox wa Uingereza, nae alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, mwaka 1929 aliweka kanuni 10 za hadithi hizo na ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema. Humu anaingia zimebaki kurasa kama 30, mtu hatujawahi kumsikia, anakiri bila hata kubanwa. Nilirudi nyuma kutafuta jina lake, halipo.

Nampa nyota 3 kati ya 5, na mbili nzima ni za mazungumzo yao, jamaa anavyomwita "afande" mwanzoni kwa dharau na baadae kwa sauti ya chini wakiwa wawili tu, neno lilelile limegeuka la mahaba bila mwandishi kutueleza.

Ila ule mkwaruzo wa mgongoni, mpaka ukurasa wa mwisho hatujaambiwa ulitoka wapi.