Kutuma data ya kisima na tangi kutoka mbali: mitandao ya kununua, kwa mpangilio

Pampu ya sola ikikwama Ijumaa jioni, kijiji kinaweza kubeba ndoo mpaka Jumatatu kabla fundi hajapata habari. Kifaa cha kutuma data huondoa kusubiri huko, lakini wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kasi. Kisima hakina haja ya kasi. Saa, kina cha maji, mtiririko na volti ya betri vinaingia kwenye baiti 12. Ulizia mnara wa simu unaofika pale, na umeme wa kuendesha kifaa utatoka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda kisimani na laini za mitandao yote ya eneo hilo. Pima juu ya nguzo antena itakapokaa, maana chini vichaka na kuta hudanganya. Ukiwa na modemu (kifaa kinachounganisha na mtandao wa simu), amri ya AT+CSQ hurudisha namba ya nguvu ya mawimbi kati ya 0 na 31: 10 ni sawa na dBm -93 na inatosha, chini ya 6 utaishi na mtandao wa kukatika, na 99 maana yake hakuna kitu.

1. Modemu ya 4G aina ya Cat 1 (4G ya kasi ndogo) yenye 2G ndani

Hii ndiyo ya kununua popote mnara unapofika. 4G ikipotea inarudi kwenye 2G, na mnara wa mbali ukiboreshwa hubadilishi kifaa. Tazama herufi za mwisho za jina, kwani hapo ndipo hela nyingi hupotelea. SIM7600A ni ya Amerika Kaskazini: itawaka, itasoma laini, ila haina bendi (masafa ya 4G) namba 3 wala 20 zinazohitajika huku, basi itatafuta mnara bila kuupata. A7670E inazo zote mbili lakini haina bendi 28. Mnara wako ukitegemea bendi hiyo ya MHz 700, chukua SIM7600G.

Tatizo la pili ni umeme. Inaporusha kwa 2G, modemu hunyonya mpaka ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Waya ukiwa mwembamba, volti hushuka chini ya 3.4 na modemu hujizima, kisha inajiwasha na kujizima tena usiku kucha mpaka betri iishe. Fundi hulaumu mtandao. Dawa ni waya mfupi na mnene, pamoja na kapasita (kijenzi cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) ya maikrofaradi 1000 au zaidi, iwekwe karibu kabisa na miguu ya modemu.

Antena itoke nje ya boksi la chuma. Waya wa RG174 hupoteza takriban desibeli 1 kila mita kwenye MHz 900; ukiweka mita 10, nguvu inayofika ni sehemu moja ya kumi. Afadhali upandishe boksi lote juu ya nguzo.

Kuhusu bando: kutuma kila saa kwa HTTPS (njia salama ya intaneti), ukifungua muunganisho mpya kila mara, hula karibu kilobaiti 6 kwa safari, yaani kama megabaiti 4 kwa mwezi. Bando dogo linatosha. Sajili laini kwa jina la jumuiya ya watumia maji, si la fundi, maana fundi akihama laini inaondoka naye. Pia kifaa ndicho kiite seva, yaani kompyuta inayopokea data. Kwenye laini za kawaida seva haiwezi kukiita kutoka nje.

2. Iridium, ujumbe mfupi wa setilaiti

Pasipo na mnara, hii ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Setilaiti 66 huzunguka kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, na moduli kama RockBLOCK 9602 hutuma baiti 340 kwa ujumbe mmoja. Vipimo 24 vya siku nzima ni baiti 288: vinaingia vyote kwenye ujumbe mmoja, na ujumbe wa pili uuweke kwa dharura. RockBLOCK hutozwa kwa vipande vya baiti 50, hivyo ujumbe huo ni vipande 6. Kutuma kipimo kimoja kimoja kutakula vipande 24. Antena ione anga lote. Mwembe juu yake unatosha kuchelewesha ujumbe kwa saa nzima.

3. Moduli ya 2G pekee, kama SIM800L

Bei yake ni ya chini kuliko zote na bado inafanya kazi, ila unanunua kitu ambacho mitandao ya dunia inaendelea kukizima. Inafaa kwa majaribio.

4. Starlink Mini, dishi dogo la intaneti ya setilaiti

Inafaa tu kama hapo hapo kuna zahanati, shule au kamera. Kenya na Rwanda ilianza mwaka 2023. Kwingine uliza kwanza kama mdhibiti ametoa leseni, kwani dishi lililosajiliwa nchi ya jirani linaweza kuzimwa. Kwa wati 30 mchana na usiku, inakula Wh 720 kwa siku: paneli ya wati 200 na betri ya asidi ya volti 12, Ah 120 au zaidi. Modemu ya namba 1 inaridhika na paneli ya wati 10.

Wengine huweka laini mbili za kampuni mbili wakidhani wamejikinga. Kwa mnara kuzimika, ndiyo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota kwa kampuni nyingi kwa pamoja. Kifaa kihifadhi vipimo vya angalau siku 7 kwenye kadi yake ya kumbukumbu, kisha kivitume mtandao ukirudi.

Na ukiuziwa moduli ya Swarm, mtandao mwingine wa setilaiti, kwa bei ya kutupa, iache. SpaceX, wenye Starlink, iliinunua kampuni hiyo mwaka 2021 na baadaye ikaufunga mtandao wake.